Skip James: uanze na santuri za 1931 au albamu za miaka ya 1960?

Mpwa wangu anapiga gitaa katika kwaya ya kanisa. Siku moja aliniomba nimtafutie bluzi ya zamani kutoka kusini mwa Marekani, ile ya mtu mmoja na gitaa lake, siyo ya bendi. Nikamtumia "Devil Got My Woman" ya Skip James, iliyorekodiwa Februari 1931. Hazikupita dakika kumi simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Hili faili limeharibika? Nasikia kama mtu anakaanga dagaa."

"Marahaba. Halijaharibika, ndivyo lilivyo. Sikiliza nyuma ya hiyo mikwaruzo."

Jioni nikamtumia wimbo huohuo, mwimbaji yuleyule, safari hii kutoka albamu ya 1968. Akasema sasa maneno anayapata na kila uzi anausikia. Asubuhi yake akaniandikia kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyomrudia usiku kucha.

Tangu hapo kila ninayemtajia Skip James huniuliza aanzie wapi. Swali lina uzito wake, kwa sababu mtu huyu ana maisha mawili ya kurekodi, na katikati yake kuna ukimya wa miaka 33. Mwenye bando la jioni moja, au pesa ya CD moja, inabidi achague. Basi nawaweka bega kwa bega: kijana wa 1931 na mzee wa 1964 hadi 1968. Ninakoegemea sitakuficha.

Mtu mmoja, mara mbili studio

Nehemiah Curtis James alizaliwa 1902 na kukulia kwenye shamba kubwa la Woodbine, karibu na mji mdogo wa Bentonia, wilaya ya Yazoo, jimbo la Mississippi. Baba yake aliuza gongo kabla ya kuokoka na kuwa mhubiri. Mtoto naye alipita njia zilezile, kwa mpangilio uleule: vibarua vya barabara, kamari, pombe haramu, halafu madhabahu.

Gitaa alilipata kwa Henry Stuckey, jirani aliyepelekwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Stuckey alisimulia kwamba huko alikutana na wanajeshi weusi aliowadhania ni watu wa Bahamas, wakamwonyesha namna ya kutyuni gitaa ambayo kwao Mississippi hakuwahi kuiona. Akarudi nayo Bentonia, akamfundisha Skip. Stuckey mwenyewe hakuacha santuri hata moja tunayoweza kuisikiliza leo. Hilo huniuma kila nikilikumbuka: mwalimu amepotea, sauti ya shule nzima tunaipata kwa mwanafunzi.

Mapema 1931 Skip alikwenda mji wa Jackson, kwenye duka la H. C. Speir, mfanyabiashara aliyekuwa akitafutia kampuni za santuri wasanii weusi. Akapiga kidogo tu, akakubaliwa. Akapandishwa treni kwenda Grafton, Wisconsin, kaskazini kabisa, katikati ya majira ya baridi, kurekodi kwa Paramount. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la kiwanda cha viti. Walianza na makabati ya gramafoni, wakaona ni vyema wauze na santuri za kuchezea humo. Malighafi waliyotumia ilikuwa duni, na santuri zao zilikwaruza hata zikiwa mpya.

Nyimbo 18 za kikao kile ndizo zilizobaki. Zilitoka wakati mbaya kuliko wote. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umewashika watu koo, na santuri ya senti 75 ilikuwa anasa kwa mkulima wa pamba. Ziliuzwa chache sana. Mwaka uliofuata Paramount ikaacha kurekodi, na mabamba ya chuma yaliyotumika kuchapia santuri yakapotea. Ndiyo maana toleo lolote la nyimbo zile unalolipata leo limenakiliwa kutoka nakala zilizokwishatumika, nyingine zimesagwa na sindano kwa miaka. Dagaa anaowasikia mpwa wangu wakikaangwa ndiyo historia yenyewe ya ile kampuni.

Skip alikwenda Texas kwa baba yake, akaingia kanisani, akawa mhubiri, bluzi akaiweka chini. Mwaka 1964 vijana watatu wa Kizungu waliopenda santuri za zamani, John Fahey, Bill Barth na Henry Vestine, walimkuta amelazwa hospitali huko Tunica, Mississippi. Wiki chache baadaye alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Newport, mbele ya umati ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa aliporekodi. Akarekodi tena: kwanza "Greatest of the Delta Blues Singers" kwa lebo ya Melodeon, kisha albamu mbili za Vanguard, "Skip James Today!" ya 1966 na "Devil Got My Woman" ya 1968. Saratani ilimuua Philadelphia tarehe 3 Oktoba 1969.

(Hilo neno "Delta", yaani tambarare ya pamba ya Mississippi, kwenye majalada ni la kuuzia tu. Bentonia iko pembeni, pale tambarare hiyo inapokutana na vilima, na muziki wake haufanani na wa Delta. Ukitegemea mdundo wa Charley Patton, mwanabluzi wa Delta, utashangaa.)

Mikwaruzo dhidi ya usafi

Hapa mshindi hana mpinzani. Rekodi za Vanguard ni safi, gitaa liko karibu, pumzi ya mzee unaisikia. Ukiwa kwenye daladala, au na simu ya spika ndogo, za 1931 zitageuka kelele tupu. Zinataka spika za masikioni na chumba kilichotulia.

Lakini sikio hujifunza haraka. Aliyewahi kusikiliza santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, anajua kinachotokea: wimbo wa kwanza unapambana na kelele, wa pili unaanza kusahau, wa tatu sauti imesimama peke yake mbele yako. Mpe Skip wa 1931 nyimbo tatu kabla hujamhukumu. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nakosea na watu. Nilikuwa nawatumia wimbo mmoja.

Gitaa

Katika gitaa, 1931 inashinda, na inashinda kwa mbali. Chukua "I'm So Glad". Kijana wa miaka 28 anacharaza kwa kasi ambayo mara ya kwanza nilidhani kuna mpigaji wa pili. Kidole gumba kinashika besi bila kuteleza huku vidole vingine vikimwaga noti juu yake kama mvua ya mawe juu ya bati, na sauti yake nyembamba inapanda katikati kana kwamba vidole si vyake. Wimbo unajiita wa furaha, lakini nikiusikiliza namsikia mtu anayekimbia kitu.

Toleo la 1966 ni la mzee aliyekaa miaka mingi bila kushika gitaa kwa bidii, tena mgonjwa. Anaupiga taratibu zaidi. Ni mzuri kwa anayetaka kuufuata kwa jicho la mwanafunzi, noti kwa noti, ila lile tishio limeondoka. Mwaka huohuo kundi la Cream la Uingereza liliurekodi kwa magitaa ya umeme, na malipo ya utunzi yaliyomfikia Skip yalimsaidia kwenye gharama za matibabu. Kwa hiyo wimbo uliouzwa kwa taabu 1931 ulikuja kumlipia dawa.

Kwa wapigaji, hii tyuni ya Stuckey inafaa niieleze, kwa sababu ndiyo roho ya pande zote mbili za ulinganisho huu. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene, ni E A D G B E. Bentonia wanapandisha uzi wa 5 kutoka A hadi B, na wa 4 kutoka D hadi E. Unapata E B E G B E. Ukilipiga bila kubonyeza chochote, gitaa linatoa huzuni. Sasa bonyeza uzi wa 3 kwenye nafasi ya kwanza ya shingo: huzuni imegeuka furaha. Achia: imerudi. Skip anafanya hivyo muda wote, anabonyeza, anaachia, na wewe msikilizaji unabaki hujui kama unaliwazwa au unaombolezwa. Kidole kimoja tu.

Tahadhari moja. Mpwa wangu alipandisha nyuzi zile kwenye gitaa la zamani la kwaya, na uzi wa 4 ukamkatikia usoni siku ya mazoezi. Njia salama ni kushusha badala ya kupandisha: D A D F A D. Mpangilio ni uleule, hatua moja chini, na shingo ya gitaa haibebi mzigo. Nyimbo zake nyingi za gitaa, za zamani na za uzeeni, utazifuata kwa mpangilio huo.

Piano

Wengi hawajui kwamba Skip alipiga piano, na wanaochagua albamu za uzeeni pekee hubaki hivyo au husikia kidogo tu. Kati ya nyimbo 18 za 1931, tano ni za piano. Sijasikia mtu mwingine apigaye hivyo. Anakimbia, anakata ghafla, anaacha shimo la ukimya, anarudi na fungu la noti pasipotarajiwa, na mguu wake unagonga sakafu kwa nguvu hadi unakuwa ngoma. Sikiliza "22-20 Blues" kisha "If You Haven't Any Hay Get on Down the Road". Yeye mwenyewe alisimulia kwamba "22-20" aliutunga papo hapo studio, baada ya kuombwa wimbo wa bunduki. Mwaka 1936 Robert Johnson, ambaye leo dunia nzima inamjua, aliuchukua na kuufanya "32-20 Blues". Mwaka uliofuata akarekodi "Hellhound on My Trail", na ukiusikiliza baada ya "Devil Got My Woman" utasikia ni nani aliyemfungulia mlango.

Piano ya miaka ya 1960 imetulia. Inapendeza, lakini haigutushi.

Sauti yake, na pale mzee anapomshinda kijana

Sauti ya Skip ni ya juu, nyembamba, kama ya mtu anayeimba akiwa peke yake na hataki walio chumba cha pili wasikie. Mwaka 1931 ina baridi. Katika "Devil Got My Woman" anasema afadhali awe shetani kuliko kuwa mume wa yule mwanamke, na humwoni akitafuta huruma yako. Ndiyo iliyomnyima mpwa wangu usingizi. Toleo la 1968 ni refu zaidi, limejaa majuto, na mimi nalipenda. Lakini mwenye nafasi ya toleo moja tu achukue la 1931.

"Hard Time Killin' Floor Blues" ni kesi nyingine. Mwaka 1931 aliuimba ndani ya ule ukata wenyewe. Watu wanatangatanga mlango hadi mlango, hakuna pa kupata unafuu, na hiyo "sakafu" ni ya machinjioni, mahali ambapo mnyama akifika harudi. Utaona kama kwamba lazima toleo hilo lishinde. Mimi hapa nampa mzee. Kwenye "Today!" ndio wimbo wa kwanza. Anaguma kwa mdomo uliofungwa, gitaa linadondosha noti mojamoja, na studio imetulia kiasi kwamba nafasi kati ya noti na noti nayo inaimba. Santuri ya dakika tatu isingemruhusu kungoja hivyo, na mikwaruzo ingeujaza ule ukimya. Maneno unayapata yote. Mtu wa miaka 63 aliyelala hospitali za maskini anapoimba kwamba akiondoka kwenye sakafu hii hatashuka chini hivi tena, huhitaji kuelezwa historia ya 1931.

Halafu kuna nyimbo ambazo kijana hakuwa nazo kabisa. "Crow Jane", hadithi ya mwanamke aliyejivuna, na kaburi linalochimbwa kwa sepetu ya fedha, inapatikana kwenye "Today!" tu kati ya seti hizi kuu mbili. Na "Washington D.C. Hospital Center Blues". Huu ni wimbo wa mgonjwa. Anawaelezea madaktari na wauguzi kwamba yeye ni mtu mwema ila ni maskini, na anawashukuru. Hakuna shetani humo, hakuna bunduki wala mwanamke mwovu. Yule kijana mwenye kiburi cha Grafton hangeweza kuuandika, wala asingekubali kuonekana mnyonge kiasi hicho. Mzee amekubali. Kila nikiusikia nawakumbuka wagonjwa niliowahi kukaa nao kwenye mabenchi ya hospitali, wanavyoanza kwa kujieleza kabla ya kusema wanaumwa wapi.

Kwa watu wa kwaya, 1931 ina zawadi mbili: "Jesus Is a Mighty Good Leader" na "Be Ready When He Comes". Ni nyimbo za ibada zilizopigwa na mtu aliyekuwa bado anaishi kwa gongo na kamari, muda mfupi kabla hajageukia kanisa.

Toleo lipi ununue au utafute

Za 1931: zipo CD za Yazoo na za Document Records. Document wanazipanga kwa mfuatano wa kurekodiwa na kuziacha karibu na zilivyo. Yazoo wamezisafisha zaidi, na kwa sikio jipya ningesema anza na Yazoo. Usibabaike ukiona jalada limeandikwa 1930, nyimbo ni zilezile 18. Zote pamoja hazifiki hata saa moja na robo, maana yake umemaliza kila kilichobaki cha ujana wake kwa muda wa mechi ya mpira.

Za uzeeni: kama ni moja tu, "Skip James Today!". Ina nyimbo 12 na hakuna ninayoiruka. Albamu ya 1968 nayo ina "Sickbed Blues" na "Lorenzo Blues" aliyomwimbia mke wake, lakini iache iwe ya tatu. Ile ya Melodeon ya 1964 ni ya aliyekwishanogewa; mzee hapo ndiyo kwanza ametoka kitandani, vidole bado vinatafuta njia.

Kuna anayeniuliza kama shule yenyewe ipo hai. Ipo. Jack Owens, mtu wa Bentonia hiyohiyo, alipiga mtindo huu hadi alipofariki 1997, na rekodi zake zina vumbi la uani na mguu mzito wa dansi, kitu ambacho Skip hakujali sana. Baada yake kuna Jimmy "Duck" Holmes, aliyejifunza kwa Stuckey na kwa Owens. Anaendesha Blue Front Cafe, mkahawa ambao wazazi wake waliufungua Bentonia mwaka 1948. Albamu yake ya 2019 inaitwa "Cypress Grove", jina la wimbo ambao Skip aliurekodi kule Grafton.

Ningekuwa wewe

Kama unapiga gitaa au piano, nunua 1931 na usiangalie nyuma. Kama wewe ni mtu wa maneno, unataka kumsikia mtu akisimulia, au unajua kelele zitakushinda, nunua "Today!". Kama unaamini, kama mimi, kwamba msanii unamjua kwa kile alichofanya kabla hajaambiwa yeye ni nani, basi ni 1931. Mwaka 1966 Skip alikwishajua kwamba kuna Wazungu wanaomwita gwiji. Mwaka 1931 alikuwa mtu wa Bentonia kwenye chumba cha baridi, hajui kama kuna atakayesikia.

Na kama ni jioni moja tu uliyo nayo, bure, kwenye simu, fuata mpangilio huu niliompa mpwa wangu mwishowe. Anza na "Hard Time Killing Floor" ya 1966, upate sauti na maneno. Kisha rudi 1931: "Cypress Grove Blues", "Devil Got My Woman", "I'm So Glad", bila kusimama katikati, sikio lizoee. Pumzika, chemsha chai. Halafu "22-20 Blues", kwa sauti kubwa, usikie mguu. Malizia na mzee na wauguzi wake huko Washington. Mpwa wangu alinipigia ulipoisha ule wa mwisho, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama alipona.